Msumeno Usio na Mwisho

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo ambacho pengine unakisikia kikivuma kila siku ukipita karibu na kiwanda cha mbao, nacho ni msumeno wa mkanda. Mafundi wengi huuita kwa jina la Kiingereza, lakini jina letu lafaa zaidi, maana ndivyo ulivyo. Ni mkanda wa chuma cha pua, umeungwa ncha kwa ncha, una meno upande mmoja, nao wazunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu ya meza na moja chini yake. Wafaransa waliuita msumeno usio na mwisho.

Kwa nini nimechagua chombo hiki? Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika karakana moja ambayo sitaitaja. Mlango wa chini wa msumeno wetu ulikuwa umeng'olewa, kwa kuwa kuufungua na kuufunga kulichelewesha kazi. Tuliulaza juu ya matofali tukawa twautumia kuwekea vikombe vya chai. Siku moja mkanda ukakatika, ukatoka kwa pale chini kama nyoka, ukampata mguuni kijana aliyekuwa akifagia. Alipona, lakini hakutembea tena sawasawa. Jambo linalonisumbua mpaka leo ni hili: katika sisi wote, hapana hata mmoja aliyeweza kueleza mlango ule uliwekwa kwa sababu gani. Basi leo tutafuata sababu hiyo tangu mwanzo wake.

Tuanze shimoni. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kazi ya kupasua mbao kwa mikono. Gogo hulazwa juu ya shimo au juu ya jukwaa, mtu mmoja husimama juu yake, mwenzake hukaa chini, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao. Wa juu hufuata mstari. Wa chini huvuta, na unga wote wa mbao humwangukia machoni. Uingereza na Ufaransa nako kazi ilikuwa hiyo hiyo kwa mamia ya miaka. Katika karne ya 13 Mfaransa mmoja, Villard de Honnecourt, alichora msumeno unaoendeshwa kwa nguvu ya maji. Hiyo ilimpumzisha mtu, lakini kasoro moja ilibaki. Msumeno wa namna ile ukishuka unakata, ukipanda haukati kitu. Nusu ya safari yake ni bure.

Ndipo watu wakajiuliza: je, haiwezekani kupata msumeno unaokwenda upande mmoja tu, bila kurudi? Jibu la kwanza lilikuwa sahani ya duara yenye meno. Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipewa hati ya msumeno wa duara mwaka 1777. Ni chombo kizuri, nasi twakitumia hadi leo. Lakini sahani haiwezi kukata kina kinachofika hata nusu ya upana wake, kwa sababu katikati pana mhimili. Gogo likiwa nene, yatakiwa sahani kubwa. Na sahani kubwa hapana budi iwe nene ili isiyumbe. Na sahani nene hula mbao nyingi na kuzigeuza unga.

Jibu la pili lilitolewa mwaka 1808 na William Newberry wa London. Yeye alipewa hati ya mashine yenye mkanda wa meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Kwa wazo, mashine ilikuwa kamili. Wala Uingereza ya siku zile haikuwa na upungufu wa ufundi, maana mwaka ule ule wa 1808, katika gati la jeshi la majini huko Portsmouth, mashine zilikuwa zikitengeneza kapi za merikebu kiasi cha 130,000 kwa mwaka. Na hata hivyo mashine ya Newberry ilikaa karatasini tu kwa karibu miaka 40. Mmarekani Benjamin Barker, wa Ellsworth katika jimbo la Maine, alipata hati yake mwaka 1836, naye hakuleta mabadiliko makubwa. Kwa nini?

Hapa nataka twende polepole, maana ndipo ilipo siri ya mashine yote. Chukua waya mwembamba. Uukunje, uunyoshe, uukunje tena, uunyoshe tena. Baada ya mara kadhaa unakatika, ingawa hukutumia nguvu nyingi. Sasa fikiri mkanda wa msumeno. Kila unapopanda juu ya gurudumu unapindwa, ukitoka unanyoka, ukifika gurudumu la pili unapindwa tena. Tufanye hesabu. Mkanda wenye urefu wa mita 6, ukienda mwendo wa mita 25 kwa sekunde, huzunguka zaidi ya mara 4 kila sekunde. Magurudumu ni mawili, basi unapindwa zaidi ya mara 8 kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 30,000. Kwa siku moja ya kazi, uzidishe mwenyewe.

Chuma cha siku za Newberry hakikuweza kuvumilia hayo, na kiungo chake hakikuweza kabisa. Maana mkanda lazima uungwe mahali fulani. Kiungo kikiwa kinene kuliko sehemu nyingine, hugonga kila kinapopita. Kikiwa kigumu mno, mkanda hukatika kando yake. Kikiwa laini mno, huachia.

Aliyelifungua fundo hili alikuwa mwanamke, Mfaransa aitwaye Anne Paulin Crepin. Mwaka 1846 aliomba hati ya njia yake ya kuunga mkanda ili kiungo kisikatike. Si jina linalotajwa mara nyingi mafundi wanapozungumza, na nadhani hilo ni kosa, maana bila kiungo kile magurudumu ya Newberry yangebaki picha. Baadaye aliiuza haki ya kutumia njia hiyo kwa kiwanda cha Perin cha Paris. Perin walichanganya kiungo cha Crepin na chuma cha pua kilicho bora zaidi, wakajifunza namna ya kukipasha moto na kukipoza hata kiwe kigumu bila kuwa chepesi wa kuvunjika. Hivyo wakapata mkanda wa kwanza uliofaa kazi ya kila siku. Tangu hapo msumeno huu ukaenea Ulaya na Marekani, kwanza kwa maseremala wa viti na meza zenye mapindo, maana mkanda mwembamba waweza kufuata mstari uliopinda. Kisha, kabla karne ya 19 haijaisha, kwa kupasua magogo makubwa.

Faida ya magogo yaonekana kwa hesabu nyepesi. Sahani kubwa ya duara huweza kula robo inchi katika kila mkato. Ukipasua mbao za inchi moja, kila mikato minne umepoteza ubao mmoja mzima kuwa unga. Mkanda mpana hula karibu nusu ya hapo, basi ubao mmoja huokolewa katika kila mikato minane. Katika msitu mzima, huo ni utajiri.

Lakini zingatia, msomaji: Crepin na Perin hawakuondoa uchovu wa chuma. Waliuchelewesha tu. Mkanda wa leo, hata ule bora kabisa, ungali unapindwa yale maelfu kwa maelfu, na mwisho wake ni kukatika, usipotolewa mapema. Karibu kila kanuni ya kuutunza msumeno huu yatoka katika jambo hilo moja.

Mafundi wana kipimo cha zamani: unene wa mkanda usizidi sehemu moja katika 1,000 ya upana wa gurudumu. Gurudumu la milimita 900 lataka mkanda usiozidi milimita 0.9. Ukilazimisha mkanda mnene juu ya gurudumu dogo, unaupinda kupita kiasi, nao hautakaa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimaliza kazi ya siku ulegeze mkanda usilale umekazwa, kisha utundike kibao mashineni kisemacho kwamba umelegezwa, ili wa kesho asiwashe bila kukaza. Kabla ya kuufunga upya, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha upitishe macho polepole katika mabonde yote kati ya jino na jino, maana ufa huanzia hapo. Meno butu nayo huleta ufa, kwa sababu fundi husukuma kwa nguvu mahali ambapo meno makali yangekata yenyewe. Katika viwanda vikubwa yuko mtu maalumu wa kunoa na kunyosha mikanda. Waingereza humwita daktari wa misumeno, na ndivyo alivyo.

Masikio yako pia ni chombo. Ukisikia mlio mdogo, tik, tik, tik, unaorudi kwa mpango ule ule, basi kiungo kimeharibika au ufa umeanza. Zima mara moja, ondoka kando, usifungue mlango. Magurudumu haya ni mazito, nayo huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa, kimya kimya. Wengi wameumia katika dakika hiyo, wakidhani mashine imekwisha simama.

Kuna unga na utomvu vilevile. Vikigandamana juu ya gurudumu, au juu ya mpira uliovikwa gurudumu, mkanda hupanda kilima na kushuka, mwisho huhama njia yake. Safisha, lakini mashine ikiwa imesimama kabisa. Na ukikata pindo, usirudishe ubao nyuma huku msumeno unakwenda, maana utauvuta mkanda na kuutoa magurudumuni.

Sasa mikono. Msumeno wa duara huweza kuutupa ubao kumrudia fundi, kwa hiyo watu huuogopa. Msumeno wa mkanda husukuma ubao chini mezani. Ubao hutulia, na fundi naye hutulia, hata akasahau. Hiyo ndiyo hatari yake. Shusha kielekezi cha juu, pamoja na kinga yake, kiwe karibu sentimita moja tu juu ya ubao, ili meno yaliyo wazi yawe yale yanayokata peke yake. Vidole visikae kwenye mstari wa mkanda. Sehemu ya mwisho isukume kwa kijiti. Gogo la mviringo usilikate bila kulilaza katika kitako chenye mfereji, maana litabingirika na kuvuta mkono wako. Mikono mirefu ya nguo ikunjwe, na glavu zivuliwe ukikata, zivaliwe ukishika mkanda uliotolewa. Na mkanda uliokunjwa una nguvu ya springi: ukiufungua, linda macho yako na waambie wenzako wakae mbali.

Mambo haya hayakuachwa kwa hiari ya mtu daima. Mwaka 1922 Uingereza iliweka kanuni za mashine za mbao. Zilitaka gurudumu la chini la msumeno wa mkanda lifunikwe kabisa, la juu likingwe, na mkanda wote ufunikwe isipokuwa sehemu iliyo kati ya meza na kielekezi. Tena zilitaka mfanyakazi afundishwe kwanza. Kanuni za namna hii hazitungwi kabla watu hawajaumia. Huku kwetu, sheria za viwanda za Tanganyika ya 1950 na ya Kenya, iliyoanza kutumika 1951, ziliamuru sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga. Baadaye zikafuatwa na sheria za usalama na afya mahali pa kazi, Tanzania mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007. Kwa hiyo mlango ule tuliowekea vikombe ulikuwa ni amri ya sheria, nasi hatukujua.

Hatari moja ilichelewa kutambuliwa kuliko zote. Yule mtu wa shimoni aliyeangukiwa na unga alidhani anaudhiwa macho tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliuweka unga wa mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Basi bomba la kufyonza unga, na kitambaa kizuri cha kuziba pua na mdomo pale pasipokuwa na barakoa ya kazi hiyo, si mambo ya anasa. Kitambaa, hata hivyo, hakilingani na barakoa. Mwombe mwenye kazi akununulie.

Zoezi la juma hili. Ikiwa karakana yako ina msumeno wa mkanda, omba ruhusa ya msimamizi, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na magurudumu yawe yametulia. Pima upana wa gurudumu kwa milimita, ugawanye kwa 1,000. Kisha tazama unene wa mkanda ulioandikwa kwenye sanduku lake, ulinganishe. Andika jibu lako katika daftari, na chini yake uandike mlango wa chini uko wapi.