Dawa Zilizotupwa, Kisha Zikarudi

Dawa ya kloropromazini ilitengenezwa Ufaransa, Desemba 1950, katika maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc. Aliyegundua uwezo wake ni Henri Laborit, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini: mgonjwa aliyepewa alibaki macho, ila hofu ilimtoka. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Fujo za wodini zikapungua.

Tangu hapo, kwa takriban miaka 70, dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili, zilipita njia ileile ya kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Sauti zinazomsumbua mgonjwa hufifia, lakini mikono huweza kutetemeka na misuli kukakamaa. Kumlaumu mtu anayetema kidonge kinachomfanya ashindwe kushika kikombe cha chai ni kumwonea.

Dawa nyingine, klozapini, haikukakamaza misuli hivyo. Mwaka 1975, huko Ufini, baadhi ya waliopewa walikufa baada ya chembe zao nyeupe za damu kuporomoka, na nchi nyingi zikaiacha. Mwaka 1988, John Kane na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine: asilimia 30 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 tu ya waliotumia kloropromazini. Marekani iliiruhusu mwaka uliofuata, kwa sharti la kupima damu mara kwa mara.

Dawa ya zanomelini nayo ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Njozi na shuku zao zilipungua, lakini walitapika mno, ikawekwa kando. Kampuni ya Karuna baadaye iliichanganya na trospiamu, dawa ya kibofu ambayo hupenya ubongoni kwa shida, hivyo hupunguza madhara ya tumboni bila kugusa tiba. Septemba 2024, Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo kwa jina Cobenfy. Haizibi dopamini moja kwa moja. Huamsha vipokezi vya kemikali nyingine, asetilikolini.

Majaribio yake makuu yalidumu wiki tano tu, na kichefuchefu hakikuisha. Bei yake ya kwanza ilikuwa kama dola 1,850 kwa mwezi. Afrika Mashariki bado inategemea sana kloropromazini na haloperidoli, hivyo ningeanza na klozapini: ipatikane kila mkoa, pamoja na maabara ya kupima chembe za damu.