Mji Kasoro Bahari: Watu Waliopita Moro Kwenda Kubwaga Moyo Bagamoyo Kabla ya Selfi

Morogoro wanaiita mji kasoro bahari. Milima ya Uluguru ipo, maji yanashuka, matunda yamejaa, msosi bei poa. Kilichokosekana ni bahari tu. Ndiyo maana mgeni akifika Mwembesongo kutoka Mwanza, Mbeya au Dodoma, siku ya kwanza anashangaa milima, siku ya pili anaanza kuuliza bahari iko upande gani. Wenyeji wakipata ofu ya siku mbili tatu, jibu ni moja: twendeni Bagamoyo.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Asubuhi washkaji wanakutana Msamvu, wanashika barabara ya Dar, Chalinze wanakata kushoto, Msata wanakata kulia, wanavuka mto Ruvu, na mchana wako Bagamoyo wananusa chumvi na samaki wa kukaanga. Picha ya kwanza inapigwa kwenye magofu ya Kaole, ya pili ufukweni, ya tatu kwenye mlango wa kuchonga kule Mji Mkongwe. Jioni zote ziko mitandaoni, na chini yake kuna maneno yaleyale: "Nimebwaga moyo."

Sasa hapo kwenye hayo maneno ndipo penye stori. Kuna watu walibwaga moyo Bagamoyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na wengi wao walipita hukuhuku Moro. Walikuja kwa miguu. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Na karibu wote, hakuna anayejua walikuwa wanaitwa nani.

JINA MOJA, MAANA MBILI

Jina Bagamoyo linaelezwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni kilio cha watumwa: mateka akifika ufukweni na kuona jahazi, anajua kwao harudi tena, anauacha moyo wake hapo. Wapo wanaosema ni neno la wapagazi, yaani wabeba mizigo wa misafara: umefika, tua mzigo, moyo utulie.

Watu wanabishana ipi ni ya kweli, na mara nyingi ile ya watumwa ndiyo inashinda kwa sababu inauma zaidi. Lakini njia ilikuwa moja na watu hao wote wawili waliikanyaga. Kumjua mmoja na kumsahau mwenzake ni kuijua nusu ya mji.

MORO ILIVYOKUWA KITUO

Karne ya 19, njia kubwa ya biashara ilitoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikashuka mpaka Bagamoyo, na ng'ambo ya bahari ilikuwa Zanzibar. Kutoka Tabora mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 800. Kwa mguu ilikuwa miezi miwili au mitatu, na ukikuta mto Ruvu umefurika au mbuga ya Mkata imejaa maji, unaongeza siku.

Pale ilipo Morogoro ya leo kulikuwa na mji wa Simbamwene. Aliujenga Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua, akauzungushia ukuta wa mawe. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, aliusifia mji huo kwa ngome yake na milango yake ya mbao iliyochongwa. Na mtawala aliyemkuta alikuwa mwanamke, binti wa Kisabengo. Wajumbe wa mama huyo walimfuata Stanley kudai hongo.

Msishtuke. Hongo wakati ule haikuwa kitu cha kupeana chini ya meza. Ilikuwa ushuru halali: unapita kwenye nchi ya mtu, unakunywa maji yake, basi unamlipa mwenye nchi. Maana ya leo imekuja baadaye. Ila neno lenyewe lilishazoeleka njiani, na Moro ilikuwa moja ya sehemu za kulilipa.

HAWA WAPAGAZI WALIKUWA KINA NANI?

Wengi walikuwa Wanyamwezi, wakiwepo pia Wasukuma na watu wa pwani wenyewe. Kosa kubwa ambalo watu wanafanya ni kudhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwepo kwenye misafara, hilo halina ubishi. Lakini wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo. Walikubaliana ujira kabla ya kuondoka. Mwenye msafara akiwazingua, waliweka mizigo chini wakagoma, au usiku wakasepa kabisa, asubuhi tajiri anaamka na vitambaa vyake hana wa kubeba.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kichwani au begani. Kushuka pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi bara walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Juu ya mzigo wa tajiri, mpagazi aliongeza vyake: mkeka, chungu, chakula. Mbele alitembea kirangozi, mshika njia, mwenye bendera na mapambo kichwani. Yeye ndiye anaamua wapi pa kulala na lini pa kuondoka. Wanawake nao walikuwemo, wakipika, wakibeba, wengine wakifanya biashara zao wenyewe.

Kila mpagazi alipewa posho, chakula au kitambaa cha kubadilisha na chakula njiani. Ndiyo, posho hiihii inayogombaniwa leo kwenye semina na vikao. Waliipigania wapagazi kwanza, na kwao ilikuwa tofauti ya kufika na kufia porini. Ndui, kuhara, njaa na vita viliua wengi. Aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa njiani, msafara ukaendelea.

Sasa kwa nini mtu akubali? Kwanza kuna malipo. Pili, kuna heshima. Kwa Wanyamwezi wengi, kijana ambaye hajafika pwani alihesabika bado mtoto. Ukirudi umeiona bahari, una nguo mpya na stori za kusimulia, hapo sasa unaweza kuzungumzia hata kuoa. Kwa hiyo kumpeleka mtu kuona bahari halikuwa jambo la kuanza juzi.

BATA LA KWANZA LA BAGAMOYO

Masika yakiisha, misafara inaanza kuingia Bagamoyo. Msimu ukikolea, wageni kutoka bara walijaza mji, wakapiga kambi pembeni na kujenga vibanda. Wengine walikaa wiki kadhaa, wengine miezi, wakisubiri msafara wa kurudi.

Wakati huo wa kusubiri ndio ulikuwa ofu yao. Walicheza ngoma, walikunywa, walikula samaki, walinunua chumvi na nguo, walitafuta wachumba, waligombana, walipatana. Matajiri walikuja pale kutafuta watu wa kubeba, na wapagazi walijua kabisa kwamba bila mabega yao hakuna pembe inayofika Zanzibar. Wapo walioipenda pwani wakabaki moja kwa moja, wakaoa, wakawa watu wa huko.

Huo ndio msingi wa Bagamoyo kama mji wa kupumzika. Kabla ya hoteli, kabla ya chuo cha sanaa kilichoanza 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kabla ya tamasha lake la kila mwaka, kulikuwa na ngoma za watu waliotua kilo 30 kutoka kichwani baada ya miezi ya kutembea.

NA WALE AMBAO HAWAKUPUMZIKA

Pembeni ya ngoma hizo walikuwepo wengine. Mateka waliokamatwa vitani au kwenye uvamizi bara waliletwa pwani kuuzwa. Bandari iliyosafirisha watumwa wengi zaidi upande huu ilikuwa Kilwa, lakini Bagamoyo nayo ilipitisha watu. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Uingereza, alisaini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kwenye karatasi biashara ikafungwa. Kwa siri iliendelea kwa miaka.

Wamisionari Wakatoliki walioanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa baadhi ya watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Watoto hao walibatizwa wakapewa majina mapya. Jina ambalo mama alimwita mtoto wake kule bara, kwa wengi wao, halikuandikwa popote.

Sasa fikiria. Mpagazi na mateka wameingia mji mmoja, labda siku moja, kwa njia ileile iliyopita Simbamwene. Mmoja anaiona bahari anashangilia kwa sababu kazi imeisha. Mwenzake anaiona bahari anajua maisha yake yamekatika. Neno ni lilelile, bwaga moyo, kwa watu wawili tofauti kabisa. Hakuna haja ya kuchagua maana moja na kutupa nyingine. Wote walikuwepo.

MNARA NA WALIOBEBA

Mfano mzuri wa jinsi majina yanavyopotea uko palepale misheni. Mei 1873 David Livingstone alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa mguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Mwili ulilazwa kwenye kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar, na Aprili mwaka huo ukazikwa London, Westminster Abbey.

Waliobeba walikuwa makumi ya watu. Wanaotajwa sana ni Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Waliobaki, kwa watu wengi, ni "na wenzao". Walivuka mito, wakaugua, wakapigana njiani, wakafikisha kazi ambayo hakuna aliyewalazimisha kuifanya. Walipofika walilipwa, kisha wakatawanyika. Nenda leo uone mnara wa kanisa hilo la zamani. Unaitwa Mnara wa Livingstone. Aliyebebwa kapewa mnara, waliobeba wamebaki kwenye "na wenzao".

RELI ILIPOFIKA

Wajerumani waliitawala nchi mwanzoni wakiwa Bagamoyo, lakini maji ya pale ni mafupi, meli kubwa haziwezi kusogea. Mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam. Reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914.

Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya watu. Hapo kazi ya upagazi kwenye njia hii ikafa. Moro ikapata stesheni na ikakua. Bagamoyo ikapitwa pembeni, ikanyamaza. Zile nyumba za zamani ambazo watu wanapigia picha leo zimebaki vile kwa sababu hela iliondoka. Mji wenye hela ungeshazibomoa zamani ukajenga ghorofa.

Leo treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 inatoka Dar inafika Moro ndani ya saa mbili. Mpagazi angeambiwa hivyo angecheka mpaka mzigo udondoke.

KABLA YA KUPOSTI

Kwa hiyo wanaokwenda na wageni wao wikendi ijayo waende tu, wale samaki, wapige picha, wacheke. Bagamoyo ilizoea wageni wenye furaha kutoka bara tangu zamani na haina sababu ya kuwanunia. Ila wakivuka Ruvu kwa daraja, waambiane kwamba kuna watu walivuka mto huu wakiwa na pembe kichwani na maji kiunoni. Wakifika misheni, wawaulize waongoza wageni habari za waliobeba, siyo za aliyebebwa tu. Wakisimama ufukweni, wakumbuke kwamba kwenye mchanga huohuo kuna aliyepumzika na kuna aliyelia.

Na yule mgeni aliyeuliza bahari iko upande gani apewe jibu kamili. Iko mashariki, mwendo wa saa chache kwa gari. Kwa waliotangulia kupita hapa Moro ilikuwa mwendo wa siku nyingi kwa mguu, na waliokwenda hawakuwa wachache.