Vijidudu katika valvu huweza kuzaa shambulio la moyo

SHAMBULIO la moyo kwa kawaida huhusishwa na mafuta yaliyoziba mishipa inayoulisha moyo damu, na mgonjwa anayefikiriwa ni mtu wa makamo mwenye kisukari, shinikizo la damu au mazoea ya kuvuta sigara. Ipo hata hivyo njia nyingine, ya nadra lakini ya hatari, inayoweza kumpata hata kijana wa miaka 20: vijidudu vilivyoota katika valvu za moyo.

Moyo una valvu nne, ambazo hufunguka na kujifunga kama milango ili damu iende upande mmoja tu. Ugonjwa huo, ambao kitaalamu huitwa endokadaitisi, huanza pale bakteria walioingia katika damu wanapojishikiza kwenye valvu, hasa ile iliyokwisha kuharibika au ya bandia. Hapo hujengeka vinundu vya bakteria na damu iliyoganda, vinavyoning'inia na kuchezacheza kila moyo unapodunda.

Kwa kuwa vinundu hivyo ni laini, vipande vyake hukatika na kusafiri na damu. Kipande kikifika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi, na hilo ndilo hutokea mara nyingi zaidi. Kikiingia katika mshipa unaoulisha moyo wenyewe, sehemu ya msuli wa moyo hukosa damu na kufa. Midomo ya mishipa hiyo iko juu kidogo tu ya valvu ya aota, hivyo kipande hakina safari ndefu. Wakati mwingine jipu lililoota pembeni mwa valvu hiyo huubana mshipa kutoka nje.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo huwaokoa wagonjwa wengi wa shambulio la kawaida, kwa mgonjwa huyu zinaweza kusababisha damu kuvuja katika ubongo. Swali dogo la daktari, kama mgonjwa amekuwa na homa wiki zilizopita, huweza kuamua uhai wake.

Na homa hiyo ndiyo hupotosha. Mgonjwa hutoka jasho usiku, hupungua uzito na kuchoka kwa wiki kadhaa. Katika miji ya Afrika Mashariki dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria, homa ya matumbo au kifua kikuu, na wengi hukimbilia duka la dawa. Dozi ya antibiotiki isiyokamilika hupunguza homa kwa siku chache bila kuua vijidudu vilivyojificha ndani ya vinundu. Kibaya zaidi, damu inapopelekwa maabara kuoteshwa, huenda kisionekane kitu. Ndiyo maana madaktari hutaka damu itolewe, kwa kawaida mara tatu, kabla ya dawa kuanza, kisha valvu zitazamwe kwa kipimo cha eko.

Mwaka 1911 madaktari wa New York waliotesha damu ya mtunzi wa muziki Gustav Mahler, aliyekuwa na kasoro ya valvu, wakakuta bakteria. Jibu lilikuwa sahihi, lakini penisilini haikuwapo. Alifariki Vienna Mei mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 50.

Katika ukanda huu valvu nyingi huharibiwa mapema na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto 818 wenye dalili za awali za madhara hayo. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Aidha, bakteria huingia kupitia meno na fizi mbovu, au sindano za wanaojidunga dawa za kulevya, tatizo lililoifanya Hospitali ya Taifa Muhimbili ianzishe kliniki ya methadoni mwaka 2011.

Matibabu ni antibiotiki kupitia mshipa kwa wiki nne hadi sita, na baadhi ya wagonjwa hulazimika kubadilishiwa valvu. Upasuaji huo hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India.

Aliyekwisha kuugua endokadaitisi, au mwenye valvu ya bandia, anapaswa kumweleza daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Kama hana mzio wa penisilini, mtu mzima kwa kawaida hupewa gramu 2 za amoksilini kwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza.