Daktari wa Jicho Moja

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Denis Burkitt aliitwa na daktari mwenzake amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland na Mkristo mcha Mungu, alikuwa na jicho moja tu. Lingine alilipoteza utotoni. Hakuutambua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya kama zile. Akampapasa tumbo: nalo lilikuwa na uvimbe.

Akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali. Uvimbe wa taya ulikuwa umeandikwa, wa figo vilevile, lakini kila mmoja kama ugonjwa wa peke yake. Burkitt alipouweka pamoja aliona ni saratani moja. Kisha akauliza swali ambalo wapasuaji hawakuzoea kuliuliza: watoto hawa wanatoka wapi? Aliziandikia hospitali za serikali na za misheni, akachora ramani, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari maili 10,000 hivi, hadi kusini mwa Afrika. Wakakuta ugonjwa unafuata joto na mvua, kama malaria. Kwenye nyanda za juu zenye baridi uliadimika.

Tusidhani basi kwamba bingwa wa jambo moja hana kazi. Huko London, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza kirusi cha saratani ya kuku, alimsikia Burkitt akihutubu, akaomba vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt peke yake asingekiona. Epstein peke yake asingejua pa kukitafuta.

Tunapenda kumsikia Paulo akiwaambia Wakorintho habari za mwili mmoja na viungo vingi. Lakini sisi nasi tuna daftari zetu mbalimbali. Mhazini anajua kwamba ndugu fulani ameacha kutoa sadaka. Kiongozi wa kwaya anajua ameacha kuimba. Mama jirani anajua kwamba taa yake haizimwi usiku. Kila mmoja wetu ameona uvimbe mmoja. Nani kati yetu ataketi na wenzake na kuuliza kama si ugonjwa mmoja, kabla hatujachelewa?