Mahale: Miaka 60 ya wasomi wa Kyoto katika nchi ya Watongwe

Oktoba 2025 ilijaa habari kwa wapenzi wa sayansi. Tarehe 1 alifariki Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na jina la Gombe, alikowachunguza, likatajwa dunia nzima. Wiki moja baadaye Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, akatangazwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwezi huohuo ilitimia miaka 60 tangu mwanafunzi wa Kyoto afike Kasoge, chini ya Milima ya Mahale, mkoani Kigoma. Habari hii ya tatu haikusikika sana, ingawa ndiyo inayotuhusu zaidi.

Kyoto, chuo kilichoanzishwa mwaka 1897, kina mengi ya kujivunia. Hideki Yukawa, aliyesoma hapo, alikuwa Mjapani wa kwanza kupata Nobel, mwaka 1949. Shinya Yamanaka aliipata mwaka 2012 kwa kazi ya seli, na Tasuku Honjo mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua njia mpya ya kutibu saratani. Lakini sifa ya chuo hiki haikujengwa maabara peke yake.

Mwaka 1948 Kinji Imanishi wa chuo hicho na wanafunzi wake, akiwemo Junichiro Itani, walianza kuwafuatilia kima wa kusini mwa Japani, kila mmoja akipewa jina lake. Mwaka 1953, katika kisiwa cha Koshima, jike mdogo aliyeitwa Imo alionekana akiosha kiazi kitamu kabla ya kukila, na taratibu wenzake wakaiga. Wanasayansi wengi wa Magharibi waliona kumpa mnyama jina ni kumfanya binadamu. Imanishi hakutetereka: aliamini wanyama wana jamii, na kwamba asili ya familia ya binadamu itafutwe kwa sokwe. Mwaka 1961 kundi lake likapiga kambi Kabogo, kando ya Ziwa Tanganyika, lakini sokwe wa huko hawakukubali kusogelewa.

Toshisada Nishida, mwanafunzi wa Itani, alikuwa na umri wa miaka 24 alipofika Kasoge mwaka 1965. Yeye na Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, waliomsaidia walitumia miwa kuwavuta sokwe, na mwaka 1966 wakaanza kuila. Hapo ndipo ubishi ulipozuka.

Kutokana na kazi ya Gombe, iliaminika kwamba sokwe hawana kundi la kudumu. Kifungo pekee kisichokatika kilidhaniwa kuwa cha mama na watoto wake. Nishida aliona tofauti. Sura zilizokuja kwenye miwa zilikuwa zilezile. Kundi la pili, kubwa zaidi, lilipokaribia, la kwanza liliondoka. Akayaita K na M, na mwaka 1968 akaandika kwamba sokwe wana jamii yenye wanachama wake na mipaka yake, hata kama kutwa wanatawanyika vikundi vidogo. Baadaye ikadhihirika kwamba majike wakikua huhamia jamii nyingine, ilhali madume hubaki walikozaliwa. Leo hakuna mtafiti wa sokwe anayepinga msingi huo. Mwaka 1999 Nishida na Goodall walikuwa miongoni mwa waandishi wa makala moja iliyoorodhesha tabia 39 zinazotofautiana kati ya jamii za sokwe, kama mila zinavyotofautiana.

Novemba 1987 Michael Huffman wa Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, ofisa wanyamapori na mganga wa miti shamba wa Kitongwe, walimfuata jike mgonjwa aliyeitwa Chausiku. Alikuwa akilala mara kwa mara. Akasogelea mti uitwao mjonso, akabandua gome, akatafuna kiini kichungu na kunyonya maji yake. Kalunde akamweleza mgeni wake: hiyo ni dawa, na Watongwe huitumia kwa homa na tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nguvu. Maabara ya Kyoto zilikuta ndani ya mjonso kemikali zinazopambana na vimelea.

Mahale ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, baada ya wenyeji kuhamishwa katika miaka ya 1970. Nishida alifariki mwaka 2011. Taasisi ya Kyoto ya utafiti wa jamii ya nyani, iliyoanzishwa Inuyama mwaka 1967, ilivunjwa na kuundwa upya mwaka 2022 kufuatia kashfa ya fedha za utafiti.

Kyoto ilileta uvumilivu na daftari. Watongwe walileta njia za msituni, majina ya miti na elimu ya dawa. Makala za kisayansi za Mahale zimesomwa kila bara, lakini mtoto wa Kigoma anaweza kumaliza shule bila kulisikia jina la Kalunde. Hilo halihitaji fedha za Japani kulirekebisha. Wizara ya elimu iiweke Mahale katika vitabu vya sayansi, na vyuo vyetu viandike kumbukumbu za wazee wa Kitongwe waliofanya kazi hiyo wakati wangali hai.