Kutoka Mars hadi kikombe cha Bibi

Bibi yangu ana kisukari. Chai yake siku hizi haina sukari, na anainywa amekunja uso kama anakunywa dawa. Juzi akaniuliza, "Wasomi wote hao, wameshindwa kutengeneza sukari ya watu kama mimi?" Nikaenda kusoma. Kumbe walitengeneza, Bibi. Inaitwa tagatosi.

Habari yenyewe inaanzia Mars. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking, vilitua huko, na jaribio mojawapo la kutafuta uhai lilikuwa la mhandisi Gilbert Levin. Alijua kwamba molekuli ya sukari inaweza kuwa na pacha wake wa kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Miili yetu imezoea wa kulia. Je, wa kushoto si atakuwa mtamu bila kunenepesha? Wazo zuri, ila kuitengeneza ilikuwa ghali mno. Akageukia tagatosi, inayofanana nayo kwa umbo, na 1988 akapata hataza. Utamu wake ni kama asilimia 92 ya sukari ya kawaida, kalori hazifiki nusu, na haipandishi sana sukari ya damu.

Inatoka kwenye maziwa. Jibini likishaganda, hubaki maji yenye laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kimeng'enya huipasua ikawa glukosi na galaktosi. Galaktosi hupitishwa kwenye mnara wenye kimeng'enya kingine kilichofungwa humo ndani: inaingia upande mmoja, upande wa pili inatoka tagatosi, usiku na mchana bila mtambo kusimama.

Tatizo ni kwamba haigeuki yote. Inatoka imechanganyika na galaktosi, na hizo mbili zina uzito uleule na atomi zilezile. Inabidi kuzitenganisha kwenye minara mingine, kuondoa chumvi, kuirudisha galaktosi mwanzo, kisha kugandisha tagatosi iwe chembe nyeupe. Kazi kubwa iko hapo, kwenye kusafisha.

Mwaka 2001 mamlaka ya chakula ya Marekani haikuwa na pingamizi. Arla ya Denmark na Nordzucker ya Ujerumani wakaizalisha, lakini 2006 wakaacha, soko halikutosha.

Kwa hiyo kugundua kitu ni jambo moja, kukifikisha mezani ni jingine. Nilipomsimulia Bibi, alicheka. "Basi ikishuka bei, mjukuu wangu, usinisahau." Akamalizia chai yake, uso umekunjwa vilevile.