Kung'oa Meno Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Kabla ya reli kufika, Mjaluo aliyetimiza utu uzima katika mwambao wa Ziwa Victoria alitambulika kwa pengo la meno sita ya mbele katika taya ya chini. Desturi hiyo, iitwayo nak, iliwahusu wavulana na wasichana, na kwa kawaida ilifanywa walipokaribia kubalehe. Mng'oaji alipenyeza chuma chenye ncha bapa kati ya meno, akalitikisa jino hadi likalegea na kutoka. Kuvuja damu na kuoza kwa kidonda zilikuwa hatari za kweli. Maelezo yanayosikika zaidi ni ya tiba: mgonjwa wa pepopunda, taya zikishabana, angenyweshwa uji kupitia pengo. Sababu hiyo pekee haitoshi. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, ndugu wa Wajaluo kwa asili, nao waling'oa meno ya chini, na Wamasai waling'oa mawili. Uzito wa desturi ulikuwa katika kumtambulisha mtu na watu wake. Tena pengo lile halikuchagua tajiri wala maskini.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kituo Maseno na Waadventista wakaanza Gendia. Kadiri shule na makanisa yalivyoenea, nak ilififia, hadi mwisho wa karne ya 20 pengo hilo likabaki hasa vinywani mwa wazee.

Sukari ilikuja na njia hiyohiyo ya reli. Mlo wa mwambao ulikuwa ugali wa mtama na wimbi, samaki na mboga za kienyeji. Mwaka 1922 kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianza Miwani, nje kidogo ya Kisumu. Muhoroni kikafuata 1966 na Chemelil 1968. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino, na idadi ya nyakati za kula vitamu kwa siku ina madhara makubwa. Chai ya sukari asubuhi, mchana na jioni, kisha soda na peremende, hulinyima jino nafasi ya kujirudishia madini.

Huduma ya meno haikufuata sukari kwa kasi ileile. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo Wakenya walisomea fani hiyo ng'ambo. Kisumu ilipata hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ikafunguliwa 1969. Wenyeji waliiita Russia, na leo ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini mvuvi wa kisiwa cha Mfangano mwenye jino linalouma hulipa nauli ya boti na ya matatu, na siku hiyo hapati samaki wa kuuza. Huvumilia hadi uozo ufike kwenye neva, na hapo kung'oa ndiyo tiba anayoimudu. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri huwa haba pale zinapohitajika zaidi. Kauli hiyo inaueleza mwambao huu barabara.

Ndiyo maana afya ya meno ya jamii hutanguliza kinga inayomfikia kila mtu: kupunguza sukari, dawa ya meno yenye floridi kwa bei nafuu, na uchunguzi shuleni. Dawa hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo mwambao mzima hauwezi kupewa agizo moja kuhusu floridi katika maji. Maji ya ziwa yana floridi kidogo, lakini baadhi ya vyanzo vya maji vya Bondo na Rarieda vimepimwa na kukutwa juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika hilo, na floridi ikizidi hutia meno ya watoto madoa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, hivyo Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kila moja hujipangia bajeti ya zahanati zake, na ndani yake fungu la meno.